Loire à Vélo

Loire à Vélo (kwa Kifaransa maana yake ni "Loire kwa baiskeli") ni njia ndefu ya baiskeli nchini Ufaransa inayofuata bonde la mto Loire hadi Bahari ya Atlantiki. Ina urefu wa takriban kilomita 900. Inaanzia Cuffy, kijiji kilicho karibu na mji wa Nevers, na kuishia Saint-Brevin-les-Pins, mahali mto unapoingia baharini. Inapita katika mikoa miwili, Centre-Val de Loire na Pays de la Loire, na kwa sehemu kubwa ni kipande cha EuroVelo 6, njia ya kimataifa inayounganisha Atlantiki na Bahari Nyeusi.

Njia hii inajulikana hasa kwa ngome na makasri ya kihistoria yaliyo kando yake. Si njia ya mashindano. Wasafiri wengi huenda polepole, kwa mfano kilomita 40 hadi 60 kwa siku, na kusimama vijijini, sokoni na kwenye makasri. Sehemu yake kubwa haikujengwa upya, bali imeunganishwa kutokana na barabara ndogo zenye magari machache, vijia vya kando ya mifereji na barabara zilizo juu ya matuta ya kuzuia mafuriko.

Mto na matuta

Loire ni mto mrefu kuliko yote ya Ufaransa. Una urefu wa zaidi ya kilomita 1,000. Kiasi cha maji yake hubadilika sana. Wakati wa kiangazi huwa na kina kifupi na visiwa vingi vya mchanga, lakini baada ya mvua kubwa unaweza kufurika kwa nguvu.

Kwa sababu hiyo wakazi wa bonde walianza kujenga matuta ya udongo kando ya mto tangu Zama za Kati. Matuta hayo yaliendelea kuinuliwa na kurefushwa katika karne zilizofuata. Hata hivyo mafuriko makubwa ya miaka 1846, 1856 na 1866 yaliyavunja mahali pengi na kuonyesha kwamba mto hauwezi kufungwa kabisa.

Leo juu ya matuta hayo kuna barabara na vijia vinavyotumiwa na waendesha baiskeli. Msafiri huona mto upande mmoja, na upande wa pili mashamba na nyumba zilizo chini kidogo ya usawa wa tuta. Kwa njia hiyo anaelewa kwa macho yake jinsi watu wa bonde wanavyoishi na mto. Maji yanapopanda, baadhi ya vipande vya njia vilivyo chini hufungwa.

Historia ya njia

Wazo la kuwa na njia moja ya baiskeli kando ya Loire lilianza katika miaka ya 1990, kwa ushirikiano wa mikoa miwili inayohusika. Serikali za mitaa ziliweka alama, zikatengeneza vijia na kuchagua barabara zinazofaa. Vipande viliunganishwa kimoja baada ya kingine, na mwaka 2012 njia yote ilikuwa imekamilika.

Kabla ya hapo mandhari yenyewe ya bonde ilikuwa imeshindaniwa. Katika miaka ya 1980 kulikuwa na mpango wa kujenga mabwawa mapya kwenye Loire na matawimto yake. Wakazi na vikundi vya kuhifadhi mazingira waliupinga, na kuanzia mwaka 1989 wapinzani walikaa kwa muda mrefu mahali palipokusudiwa kujengwa bwawa la Serre-de-la-Fare, kwenye sehemu ya juu ya mto. Bwawa hilo halikujengwa. Mwaka 1994 serikali ya Ufaransa ilitangaza mpango mpya uliolenga kulinda watu dhidi ya mafuriko na wakati huohuo kuhifadhi mto.

Mwaka 2000 UNESCO iliandikisha bonde la Loire kati ya Sully-sur-Loire na Chalonnes-sur-Loire katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kasri la Chambord lilikuwa limeandikishwa peke yake tangu mwaka 1981, kisha likajumuishwa humo. Kinachotambuliwa si majengo tu, bali mandhari nzima: miji, vijiji, mizabibu, matuta na mto wenyewe.

Kutoka ngome hadi kasri

Neno la Kifaransa château hutumika kwa ngome ya kivita na pia kwa kasri la starehe. Kando ya Loire aina zote mbili zipo, mara nyingine ndani ya jengo moja.

Ngome za kwanza zilijengwa na makabaila waliogombania bonde hilo. Huko Langeais bado kuna mabaki ya mnara wa mawe unaohusishwa na Foulques Nerra, mtawala wa Anjou aliyeishi karibu na mwaka 1000. Wakati wa Vita ya Miaka Mia kati ya Ufaransa na Uingereza, wafalme wa Ufaransa walihamia eneo hilo. Mwaka 1429 Jeanne d'Arc alimwendea Charles VII katika ngome ya Chinon, na mwezi Mei mwaka huohuo Waingereza waliacha kuuzingira mji wa Orléans.

Vita ilipokwisha, wafalme waliendelea kukaa kwenye bonde. Kuanzia mwaka 1494 walipigana Italia na kurudi na mitindo mipya ya ujenzi, wasanii na watunza bustani. Mizinga pia ilikuwa imepunguza faida ya kuta nene. Hivyo madirisha yakapanuliwa, minara ikabaki kama mapambo, na ngome zikawa makasri. Mengi yalijengwa kwa tuffeau, jiwe jeupe laini la chokaa linalochimbwa katika eneo hilo. Machimbo ya zamani yalitumika baadaye kama makazi, maghala ya mvinyo na mashamba ya uyoga. Mengi yanaonekana karibu na Saumur.

Ngome na makasri yaliyo njiani

Yafuatayo ni baadhi ya majengo mashuhuri, kwa utaratibu wa kwenda kutoka mashariki kuelekea baharini:

- Sully-sur-Loire: ngome iliyozungukwa na maji, iliyojengwa mwishoni mwa karne ya 14. Mwaka 1602 ilinunuliwa na Maximilien de Béthune, waziri wa mfalme Henri IV. Kabla ya kufika hapo njia hupita Briare, penye daraja la mwaka 1896 lenye urefu wa mita 662 linalovusha mfereji juu ya mto.

- Chambord: kasri kubwa kuliko yote ya bonde, lililo kilomita chache kusini mwa mto. Mfalme François I aliamuru lijengwe kuanzia mwaka 1519. Lina ngazi maarufu yenye njia mbili zinazozungukana, hivyo anayepanda na anayeshuka hawakutani. Wataalamu wanajadili kama Leonardo da Vinci alichangia mchoro wake. Hifadhi yake ya msitu imezungushiwa ukuta wa kilomita 32. Wakati wa Vita Kuu ya Pili kazi nyingi za sanaa za jumba la makumbusho la Louvre zilifichwa humo.

- Blois: kasri lenye sehemu nne za nyakati tofauti, kuanzia karne ya 13 hadi ya 17, zikizunguka uwanja mmoja. Mwezi Desemba 1588 mtawala wa Guise aliuawa humo kwa amri ya mfalme Henri III, wakati wa vita vya kidini.

- Chaumont: baada ya kifo cha mfalme Henri II mwaka 1559, mjane wake Catherine de' Medici alimlazimisha Diane de Poitiers, kipenzi wa mfalme, kuchukua Chaumont na kuacha Chenonceau. Tangu mwaka 1992 hufanyika hapo tamasha la kimataifa la bustani.

- Amboise: kasri la kifalme lililo juu ya mji. Leonardo da Vinci aliishi jirani, katika nyumba ya Clos Lucé, kuanzia mwaka 1516 hadi kifo chake tarehe 2 Mei 1519. Kuanzia 1848 hadi 1852 kasri lilikuwa gereza la Emir Abdelkader, kiongozi wa Algeria aliyepigana na uvamizi wa Wafaransa. Alikuwa amejisalimisha kwa ahadi kwamba angeruhusiwa kwenda nchi za mashariki, lakini ahadi hiyo haikutimizwa. Watu wa msafara wake waliofia huko walizikwa katika bustani ya kasri.

- Chenonceau: liko juu ya mto Cher, tawimto la Loire, hivyo msafiri hulifikia kwa kuacha njia kuu. Ukumbi wake mrefu umejengwa juu ya daraja. Katika Vita Kuu ya Kwanza ukumbi huo ulikuwa hospitali. Mwaka 1940 mto Cher ukawa mpaka kati ya eneo lililotekwa na Wajerumani na eneo lisilotekwa, na watu walitoroka kupitia mlango wa upande wa kusini.

- Villandry: linajulikana kwa bustani zake, pamoja na bustani ya mboga iliyopangwa kwa maumbo ya pembe. Zilirudishwa katika mtindo wa zamani na Joachim Carvallo, aliyenunua kasri hilo mwaka 1906.

- Langeais: liko ng'ambo ya kaskazini ya mto. Mwaka 1491 mfalme Charles VIII alimwoa Anne wa Bretagne humo, hatua iliyoelekeza Bretagne kuunganishwa na Ufaransa.

- Angers: ngome ya karne ya 13 yenye minara 17, iliyo kando ya mto Maine. Ndani yake kuna zulia la ukutani la karne ya 14 linaloonyesha Kitabu cha Ufunuo. Sehemu iliyobaki ina urefu wa takriban mita 100.

- Nantes: kasri la watawala wa Bretagne, ambalo sasa ni makumbusho ya historia ya mji. Katika karne ya 18 Nantes ilikuwa bandari kuu ya Ufaransa ya biashara ya watumwa, na makumbusho hayo yanaeleza jambo hilo. Mwaka 2012 mnara wa kumbukumbu ya kukomeshwa kwa utumwa ulifunguliwa kando ya mto.

Namna ya kusafiri

Njia ina miinuko michache kwa kuwa inafuata mto, hivyo inafaa pia kwa familia na wazee. Baiskeli ya kawaida yenye gia chache inatosha. Mizigo hubebwa katika mikoba inayofungwa kwenye keria. Vipande vingi vina lami, vingine vina changarawe. Pampu, tyubu ya akiba na vifaa vya kuziba pancha ni muhimu. Kwa sheria ya Ufaransa, watoto wenye umri chini ya miaka 12 wanapaswa kuvaa kofia ngumu wanapoendesha au kubebwa kwenye baiskeli.

Upepo mara nyingi hutoka baharini, kwa hiyo anayeelekea magharibi anaweza kukutana nao usoni. Reli inafuata bonde kwa sehemu kubwa, na wakati wa kiangazi baadhi ya treni huwa na nafasi za ziada za baiskeli. Msafiri anaweza basi kuchagua kipande kimoja tu, kama kile cha kati ya Blois na Tours, kisha kurudi kwa treni.

Nyumba za wageni, maduka ya mafundi na makumbusho yenye alama ya Accueil Vélo yapo umbali usiozidi kilomita 5 kutoka njiani na hutoa huduma maalumu kwa waendesha baiskeli, kama mahali salama pa kuweka baiskeli na vifaa vya kutengenezea.

Umuhimu na changamoto

Mtalii anayekuja kwa basi mara nyingi huona kasri moja au mawili mashuhuri na kuondoka siku ileile. Anayekuja kwa baiskeli hawezi kwenda mbali kwa siku, kwa hiyo hulala na kula katika vijiji vilivyo kati ya kasri moja na jingine. Hivyo sehemu ya mapato ya utalii hufika mahali pasipo na kasri lolote.

Bonde hilo pia si makumbusho. Vituo vinne vya umeme wa nyuklia vipo kando ya Loire, na minara yake ya kupozea maji huonekana kutoka njiani. Loire huitwa mara nyingi "mto wa mwisho wa mwituni" wa Ulaya ya Magharibi, ingawa umedhibitiwa kwa matuta na mabwawa kadhaa. Ndege kama buabua hutaga kwenye visiwa vya mchanga, na watu wanaokanyaga visiwa hivyo wakati wa kutaga huharibu mayai. Matuta nayo yanahitaji kukaguliwa na kutengenezwa daima, maana tuta linalombeba mwendesha baiskeli ndilo linalokinga nyumba zilizo nyuma yake.