Mababu Wawili wa Kuku Wetu

Mtu akishuka chomboni pale Baraka, au akipanda njia ya mlima mpaka Fizi, ndege wa kwanza kumlaki ni kuku. Huchakura uani, hulala jikoni, na mgeni wa heshima akifika huchinjwa yeye. Nasi twamwita kuku wa kienyeji. Basi leo tuulize: je, ni mwenyeji kweli?

Katika mapori ya Afrika wamo kanga na kwale, lakini kuku wa mwitu hamna. Hao wako Asia. Tutawataja wawili wanaotuhusu.

Wa kwanza ni kuku mwitu mwekundu. Makao yake ni toka chini ya milima ya Himalaya, kupita Burma na Thailand, hata visiwa vya Indonesia. Jogoo wake ana shingo ya rangi ya dhahabu na moto, na miguu ya kijivu. Huwika kama jogoo wetu, ila sauti hukatika upesi mwishoni. Wa pili ni kuku mwitu wa kijivu. Huyu ni wa Bara Hindi tu. Manyoya ya shingo yake yana madoa yang'aayo kama nta, na kuwika kwake ni kwingine kabisa. Wote wawili huchakura chini mchana kutwa, na jioni huruka mtini kulala. Ndiyo sababu kuku wetu naye, jua likitua, hutafuta mahali pa juu.

Mwaka 1868 Charles Darwin, mtaalamu wa Uingereza, aliandika kwamba kuku wote wa kufugwa wametoka kwa yule mwekundu peke yake. Watu wakasadiki hivyo miaka mingi. Lakini miguu ya njano, je? Kuku mwekundu hanayo.

Jibu lilipatikana mwaka 2008. Rangi ya njano hutoka katika chakula, kama mahindi na majani mabichi. Ngozi ya kuku mwekundu huivunja rangi hiyo. Ngozi ya yule wa kijivu huiacha ikae. Wataalamu walipochunguza urithi wa kuku wa njano, waliona kwamba sehemu hiyo ilitoka kwa yule wa kijivu. Tena lazima kifaranga airithi kwa baba na kwa mama pia. Kwa hiyo tembe na jogoo wenye miguu myeupe waweza kuzaa kifaranga wa miguu ya njano, na mwenye kuku asishangae. Hata hivyo babu mkuu ni yule mwekundu. Uchunguzi wa mwaka 2020, juu ya ndege zaidi ya 800, ulithibitisha hayo.

Safari yake ilikuwa ndefu. Huko Ban Non Wat, katika Thailand, imepatikana mifupa ya kuku ya miaka kama 1650 hadi 1250 kabla ya Kristo. Kule Mezber, katika Ethiopia, kuku walikuwako miaka 800 hivi kabla ya Kristo. Vyombo vya Bahari ya Hindi navyo vilileta kuku pwani, na watu wakapeana mkono kwa mkono mpaka bara.

Mwaka 1996 vita viliwatoa watu wengi wa Fizi, wakavuka ziwa kwenda Tanzania. Tangu mwaka 2005 wengi walirudishwa kwa meli kutoka Kigoma hadi Baraka. Mtu aliyekuta nyumba yake imeanguka hakuweza kuanza na ng'ombe. Tembe mmoja aliweza. Tembe huyo akitaga na kuatamia, ua huwa ua tena.

Katika nchi yetu watu wameumizana sana kwa kuulizana nani mwenyeji na nani mgeni. Kuku tunayemwita wa kienyeji ni mtoto wa mababu wawili wa mbali, naye alivuka bahari. Hakuna amwulizaye. Twamtupia mahindi asubuhi, naye hutujulisha kumekucha.