Kutoka Fumba Hadi Bunju: Wimbo ni Mali ya Nani?

Bunju ipo kaskazini ya wilaya ya Kinondoni, kando ya barabara iendayo Bagamoyo, pale jiji la Dar es Salaam linapokaribia kwisha. Zamani ilikuwa nchi ya mashamba. Leo ni mtaa wa nyumba mpya, na msimu wa harusi ukifika maturubai husimamishwa, spika hupangwa, na taarab hupigwa mpaka usiku wa manane. Katika shughuli hizo, hasa palipo na waimbaji wenyewe, pana jambo ambalo mpenzi wa ushairi hana budi kulitazama kwa makini. Wimbo unapofika kwenye ubeti fulani, mwanamke huinuka kitini, akaenda kwa madaha hadi mbele, akamtunza mwimbaji noti, na kwa mkono au kwa kope akamjulisha anayehusika kwamba ujumbe ule ni wake. Ubeti hakuutunga yeye. Aghalabu hata mwimbaji hakuutunga. Lakini kwa muda ule maneno yamekwisha kuwa yake, na aliyekusudiwa ameyapokea.

Hivyo basi, wimbo wa taarab una wenyewe watatu: mtunzi aliyepanga vina na mizani, mwimbaji aliyeutia roho, na mtunzaji, yaani huyu anayenyanyuka na noti yake. Historia ya fasihi yetu imemshughulikia sana wa kwanza, ambaye kwa kawaida ni mwanamume. Wa pili ametajwa kwa sifa ya koo lake. Wa tatu hakutajwa kabisa. Ilhali ukiifuata njia ya wanawake katika muziki wa pwani tangu mwanzo wa karne ya 20, utaona kwamba haki ya kusema hadharani waliipata kwa kuzishika nafasi hizo mbili za mwisho, na kwamba kinachoitwa leo mipasho kina nasaba kongwe kuliko wanavyodhani wanaokilaumu.

Taarab ya Unguja ilianzia jumba la Sultani. Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri kujifunza muziki, na mwaka 1905 kikaundwa chama cha Ikhwani Safaa. Waliopiga na kuimba walikuwa wanaume, na lugha iliyotukuzwa ilikuwa Kiarabu. Katika hali hiyo akatokea Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba yapata mwaka 1880 katika nyumba ya wafinyanzi, akapewa jina la Mtumwa. Alikuwa akitembeza vyungu vya kuuza kabla hajahamia mjini mwaka 1911. Huko alifuatana na mafundi kama Subeti Ambar, Buda Suwedi na Mbaruku Effandi Talsam, na mwaka 1928 walivuka bahari hadi Bombay kurekodi sahani za santuri kwa Kiswahili. Sahani hizo zikaenea pwani nzima na bara. Shaaban Robert alimwona anastahili kitabu kizima, na wasifu alioandika ulitoka mwaka 1958, miaka minane baada ya kifo cha Siti.

Katika nyimbo za kundi la Siti umo mmoja ujulikanao kwa jina la mtu, Kijiti. Asili yake ni kisa cha kweli: mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam aliuawa Unguja, mtuhumiwa akatorokea Bara, na mkono wa sheria ukawaangukia wanawake waliojitokeza kutoa ushahidi. Mahakama ya kikoloni ilikuwa imekwisha sema neno lake. Wimbo nao ukasema lake: ukamtaja mtu kwa jina, ukamlilia marehemu, na ukaiweka hukumu mbele ya hukumu nyingine, ile ya wasikilizaji. Hapo hapakuwa na fumbo la waridi wala la tausi. Ulikuwa ni mpasho, tena mpasho mzito, uliotolewa na mwanamke ambaye wakosoaji wa taarab ya leo humtaja kama kielelezo cha adabu ya zamani.

Ng'ambo ya mkondo, Dar es Salaam, vilabu vya taarab kama Al-Watan na Egyptian vilikuwa vya wanaume. Wanawake walikuwa na mahali pao: ngoma na vyama vya lelemama, vilivyokuwa na viongozi wake, sare zake, michango yake na mashindano yake ya kutupiana maneno. Mmoja wa waimbaji viongozi katika kundi la Bomba alikuwa Bibi Titi Mohamed, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1926. Mwaka 1955 John Hatch wa chama cha Labour cha Uingereza alipozuru mji huo aliwauliza viongozi wa TANU liko wapi tawi la wanawake. Bibi Titi ndiye aliyepewa kazi hiyo, na hakwenda kutafuta wanachama maofisini. Aliwaendea viongozi wa ngoma, na ngoma zikaja na watu wao. Katika muda wa miezi michache wanawake waliojiandikisha walihesabiwa kwa maelfu. Sauti iliyokuwa imezoea kuongoza kiitikio arusini ikaongoza umati Mnazi Mmoja, wala haikuhitaji kufundishwa upya. Alipofariki mwaka 2000, alikuwa amepitia uwaziri mdogo, kesi ya uhaini, kifungo na msamaha. Jina lake limebaki kwenye barabara ya katikati ya jiji, lakini wapitao humo wachache hukumbuka kwamba alikuwa mwimbaji kwanza.

Mabadiliko makubwa ya muziki wenyewe yalitoka Tanga. Katika miaka ya 1960 Black Star Musical Club ilileta magitaa na mapigo ya dansi ndani ya taarab, ikaathiri hadi Mombasa. Sauti iliyoitangaza zaidi ni ya Shakila binti Saidi wa Pangani, ambaye baadaye aliimba na Lucky Star, kisha akahamia Dar es Salaam. Alifariki Agosti 2016 nyumbani kwake Mbagala, upande wa Temeke. Ukimwuliza msikilizaji wa kawaida, “Macho Yanacheka” ni wimbo wa nani, atakujibu bila kusita: wa Shakila. Swali la mtunzi halimjii. Msomi anaweza kuona huo ni ujinga. Lakini watu wa nchi nyingine nao husema vivyo hivyo. Ahmad Rami alimtungia Umm Kulthum mashairi mengi, nao waliokusanyika penye redio zao kumsikiliza waliyaita nyimbo za Umm Kulthum. Marekani, Otis Redding alitunga na kuimba “Respect” mwaka 1965, likiwa dai la mume arudiye nyumbani. Aretha Franklin alipouchukua mwaka 1967, mdai akawa mwanamke, na tangu hapo wimbo haukurudi kwa mwenyewe. Sauti inaweza kugeuza maana ya maneno hata pale ambapo maneno mengi yamebaki yale yale.

Mwaka 1992, Tanzania iliporudi kwenye vyama vingi, kundi la TOT likaanzishwa upande wa CCM chini ya Kapteni John Komba. Siasa ilikuwa inaitafuta tena sauti ya mwanamke, ila safari hii kwa ajili ya chama kilichokwisha kuwa madarakani. Khadija Kopa akatoka Culture Musical Club ya Unguja, akavuka kujiunga nalo. Upande wa pili likasimama Muungano la Norbert Chenga, na Nasma Khamis ndiye aliyekuwa nguzo yake. Mashabiki wakagawanyika kama Simba na Yanga. Wimbo mmoja ukitoka leo, jibu lilisubiriwa wiki zinazofuata, na kumbi zilijaa wanawake wa Kinondoni, Magomeni na Temeke waliokuja na noti mkononi na mtu moyoni. Ndipo lawama zilipoanza: kwamba taarab imevuliwa nguo, kwamba ushairi umeuawa, kwamba mafumbo ya wazee yamegeuzwa ugomvi wa uani.

Lawama hizo zina sehemu ya haki, na si vyema kuipuuza. Fumbo hulipa shairi umri. Ubeti wa ua na nyuki unaweza kutumiwa na mjukuu kwa mapenzi ambayo bibi yake hakuyajua. Ubeti wa tusi la wazi hufa siku wagombanao wanapopatana. Nyimbo nyingi zilizotungwa haraka ili kujibu nyimbo nyingine hazikupita mwaka. Lakini wanaolaumu hukosea pale wanapodhani kwamba uzuri wa fumbo ulikuwa katika upole wake. Fumbo la lelemama lilikuwa na makali. Maandishi ya khanga, ambayo ni ushairi wa mstari mmoja, nayo yana makali. Kilichobadilika katika miaka ya 1990 ni kwamba maneno ya uani yalipewa kipaza sauti, na watu ambao hawakuwa wamekusudiwa kuyasikia wakayasikia.

Aliyetuonyesha vizuri zaidi jinsi umiliki wa wimbo unavyohama ni Bi Kidude, Fatuma binti Baraka, mwimbaji wa taarab na kungwi wa unyago, aliyepata tuzo ya WOMEX mwaka 2005 na kufariki Aprili 2013. Nyimbo za Siti alizijua tangu utotoni, kwa kusikiliza tu. Alipoziimba uzeeni hakuzihifadhi kama nyaraka: alikata beti, akaunga nyingine, akachomeka maneno ya unyago pale alipoona yanafaa. Mtafiti anayetafuta matini asilia atasumbuka naye. Mwenye kutaka kujua wimbo unavyoishi ana la kujifunza.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua mtunzi, na kupitia hakishiriki inamtambua mwimbaji. Hilo ni jema, kwa kuwa sifa peke yake haimlishi mwimbaji mzee. Mwaka 2020 Zuhura Othman, binti wa Khadija Kopa, alijitokeza kwa jina la Zuchu akiwa na lebo ya Wasafi, na mwaka huo huo mama na binti wakaimba pamoja. Kizazi hiki kinajua mkataba ni nini.

Mtunzaji wa Bunju hatapata hakishiriki, wala haidai. Anachostahili ni kuandikwa. Wapo wanaokusanya tenzi na nyimbo za pwani, na kazi yao ni ya thamani. Lakini diwani nyingi hutupa ubeti na jina la mtunzi, basi. Itafaa pembeni mwa ubeti paandikwe pia nani aliuimba, katika shughuli gani, mtaa upi, na ni mstari gani uliowainua wanawake vitini. Bila ya hayo, msomaji wa kesho atayasoma maneno ya Siti, ya Shakila na ya Kopa kama barua ambazo bahasha zake zimetupwa, asijue ziliandikiwa nani.