Gazeti la Karatasi ya Ukutani

Leo twende Vicksburg, Marekani, mji ulio kando ya mto Mississippi. Mwaka 1863, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, jeshi la Kaskazini chini ya Jemadari Grant liliuzingira siku 47. Wenyeji waliikimbia mizinga, wakaishi mapangoni. Wachimbaji wengi walikuwa watumwa. Njaa ikazidi, watu wakala nyumbu wa kazi. Karatasi nazo zikaisha! Gazeti likapigwa chapa nyuma ya karatasi za kupambia kuta, likamdhihaki Grant: sungura haliwi kabla hajakamatwa. Tarehe 4 Julai mji ukasalimu amri. Askari wake wakakuta herufi bado zimepangwa, wakaongeza kwamba sungura amekamatwa. Watumwa, waliokatazwa na sheria kukusanyika kujifunza kusoma, wakapata uhuru. Mwaka huo huo madarasa yao yakaanza mjini.