Jike Dume wa Stesheni

Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Televisheni nazo zilikuwemo kwenye zuio hilohilo. Leo tunacheka, lakini sababu zake hazikuwa za kipuuzi: fedha za kigeni zilikuwa ngumu, siasa ilikuwa ya kujitegemea, na kompyuta iliyoingia Hazina tangu 1965 ilikuwa imeshaonyesha kwamba mashine ya watu hugeuka mzigo kama wanaoijua wote wametoka nje. Zuio lililegea taratibu. Tanzania Bara ilikaa bila kituo cha televisheni mpaka vituo binafsi vilipoanza 1994, wakati Zanzibar walikuwa na ya kwao, tena ya rangi, tangu 1973.

Mimi nimezaliwa Makambako mwishoni mwa miaka ya 1980. Sasa hesabu mwenyewe, msomaji: mtoto wa kike wa huko aliyependa mashine, alikuwa na mashine ipi ya kupenda?

Zilikuwa mbili. Treni na redio.

Kabla ya treni, niseme kidogo kuhusu neno. Kiswahili hakina jina zuri la mtu anayependa kitu kimoja mpaka anawachosha wenzake. Shuleni tulikuwa na "kipanga", lakini huyo ni wa kufaulu mitihani tu. Tunalo "mtundu", na hapo ndipo mambo yanapovutia. Mvulana akifungua redio ya baba yake akashindwa kuifunga, watu husema huyu mtundu, atakuja kuwa fundi. Msichana akiitwa mtundu, mama yake anaitwa pembeni. Neno lilelile, herufi zilezile! Kwa msichana wa redio lilibaki "jike dume", na hilo nilipewa nikiwa darasa la tatu.

Treni yetu ni ya TAZARA. Mkataba na China ulisainiwa Beijing Septemba 1967, ujenzi ukazinduliwa 1970, na reli ikakabidhiwa rasmi Julai 1976: kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam mpaka New Kapiri Mposhi, Zambia. Wanasiasa huisimulia kama hadithi ya Nyerere, Kaunda na Mao, ya shaba ya Zambia kupata njia isiyopita kwa makaburu. Ni kweli. Ila ukikulia Makambako unaisikia kwa namna nyingine. Bibi yangu hakuwahi kuniambia habari za Mao. Aliniambia Wachina walikuwa wanaamka mapema kuliko Wabena, na kwamba hilo lilimuudhi, maana yeye alijiona ndiye wa kwanza kuamka Makambako nzima.

Kipande kinachotoka Mlimba kuja kwetu ndicho kilichowatesa wajenzi. Reli inatoka bonde la Kilombero, kwenye joto na mpunga, inapanda mpaka kwenye baridi yetu ya maharage na viazi, na vichuguu vingi vya reli nzima vimo humo. Daraja la mto Mpanga limesimama juu ya nguzo za karibu mita 50. Nimelipita mara nyingi, na bado nikifika hapo naacha kuongea.

Nilikuwa na daftari. Kila kichwa cha treni kilichoingia stesheni niliandika namba yake, siku, saa iliyopangwa, na saa iliyofika kweli. Hiyo safu ya mwisho ndiyo ilikuwa tamu. Kulikuwa na Mukuba, ile ya haraka (mukuba ni shaba kwa Kibemba), na Kilimanjaro, ya kawaida, inayosimama kila mahali. Nilijua vichwa vya Kichina kwa mlio, na vile vya General Electric vya Kimarekani kwa mlio tofauti, mzito zaidi. Sikufundishwa na mtu. Ukikaa mahali miaka sita ukisikiliza, utajua.

Siku moja nilichukua futi ya mama, ile ya kushonea, nikaenda nayo relini kupima upana kati ya chuma na chuma. Ikatoka inchi 42. Nikapima tena sehemu nyingine: 42. Furaha niliyopata siwezi kuieleza kwa mtu ambaye hajawahi kuipata. Baadaye sana nilikuja kujua kwamba hiyo ndiyo milimita 1,067, upana wa reli za Zambia na kusini huko, na kwamba reli ya kati, ile ya Mjerumani, ina milimita 1,000. Milimita 67 tu, upana wa vidole vyangu vinne, na kwa sababu yake behewa la Kigoma haliwezi kuingia Makambako. Mzigo lazima ushushwe na kupakiwa upya, na ndiyo kazi ya Kidatu, reli hizo mbili zinapokutana. Nchi moja, reli mbili zisizosalimiana.

Mama aliiona futi ina grisi. "Mwanangu," akasema, "hiyo reli utaishonea gauni?"

Tulikuwa wawili kwenye daftari lile. Mwenzangu simtaji jina, yu hai na ana watoto. Alikuwa mkali wa hesabu kuniliko. Mimi nilikuwa naandika saa za kuchelewa. Yeye ndiye aliyegundua kwamba Kilimanjaro ikichelewa kutoka Mbeya, kuna kiasi itakachofidia ikishuka kuelekea Mlimba na kiasi ambacho haitafidia kamwe, akawa anatabiri. Alikuwa anapatia. Watu wa stesheni walimjua, kuna wakati abiria walikuwa wanamuuliza yeye badala ya kwenda dirishani.

Alimaliza darasa la saba akapanda treni hiyohiyo kwenda Dar es Salaam kufanya kazi za ndani.

Hapa lazima historia iseme wazi, kwa sababu mjini mnaifanyia utani. "Binti wa kazi wa Iringa", ndivyo mnavyosema, na enzi hizo Njombe na Makambako zilikuwa bado mkoa wa Iringa; Njombe imekuwa mkoa 2012. Kwa nini wasichana wa kwetu? Mtasikia eti ni wapole, ni wachapakazi, kana kwamba ni aina ya ng'ombe. Makambako ni njia panda. Barabara kuu ya Zambia inapita pale, ya Songea inaanzia pale, reli iko pale. Panapopita malori na mabehewa, kuondoka ni rahisi. Na panapita mengine pia. Utafiti wa kitaifa wa 2011–12 ulikuta maambukizi ya VVU mkoani Njombe ni asilimia 14.8 ya watu wazima wa miaka 15 hadi 49, juu kuliko mkoa wowote nchini. Nyuma ya namba hiyo kuna nyumba zilizobaki na bibi na wajukuu watano, na katika wajukuu watano msichana mkubwa ndiye anayeondoka. Mwenzangu alikuwa msichana mkubwa.

Nikabaki na redio. Waya wa antena niliufunga kwenye mwanzi wa ulanzi wa babu, jambo lililoleta kesi ya familia, maana aliamini waya utaharibu pombe. Betri zikiisha tulizianika juani na zikapata uhai wa jioni moja zaidi. Usiku masafa mafupi yanashika mbali, kwa sababu tabaka la juu la anga hurudisha mawimbi chini vizuri zaidi jua likizama. Mimi nilijua tu kwamba saa tatu usiku dunia inasogea karibu na Makambako. Idhaa ya Kiswahili ya BBC imekuwepo tangu 1957, ya Deutsche Welle tangu 1963. Katikati ya vituo kulikuwa na miluzi, mikwaruzo, lugha nisizozijua, na mimi nilipenda hizo katikati kuliko habari zenyewe.

Na vitabu, bila shaka, maana hapa tuko kwa wapenda vitabu. Nilimsoma Bwana Msa wa Mohamed Said Abdulla, mpelelezi wa Unguja na kiko chake, kwenye nakala ya Mzimu wa Watu wa Kale iliyokosa jalada. Kimechapishwa 1960 na bado ni kitabu cha mtu anayefikiri kwa furaha. Nikamsoma Willy Gamba wa Elvis Musiba, nikamsoma Joram Kiango wa Ben Mtobwa. Niliwapenda wote watatu. Ila katika riwaya zile mwanamke ni mrembo, au msaliti, au maiti, na mara nyingine yote matatu kwa mpangilio huo. Sikumkuta hata mmoja aliyekaa chini akatatua jambo kwa sababu tu lilikuwa halijatatuliwa. Nasema hivi bila kuwachukia waandishi. Waliandika dunia waliyoiona.

Sekondari nilienda. Maabara ilikuwa chumba chenye meza na kabati lililofungwa, na ufunguo sikuwahi kuuona. Wengi wetu wa shule za aina hiyo tulifanya ile karatasi ya "alternative", mtihani wa vitendo bila vitendo: unachorewa pendulo, unaambiwa imebembea mara kadhaa, wewe unapiga hesabu. Fizikia niliisoma kwenye Abbott aliyechanika katikati, akaanzia kwangu kwenye mwanga. Mwalimu mmoja aliniuliza mbele ya darasa kama nataka kuwa dereva wa treni, na darasa likacheka. Nilisema ndiyo. Wakacheka zaidi.

Ambacho hakuna aliyetuambia ni kwamba walikuwepo. Verdiana Masanja alizaliwa Bukoba 1954, akasoma hisabati Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na 1986 akapata shahada ya uzamivu Berlin kwa utafiti wa mwendo wa vimiminika ndani ya bomba. Ndiye Mtanzania wa kwanza mwanamke kuwa na uzamivu wa hisabati. Fikiria mwaka huo: nyumbani kompyuta bado ni kitu cha kuombea kibali. Nilisikia jina lake nikiwa chuo, tayari nimeshahama sayansi na kwenda uandishi wa habari. Miaka ya 1990 Mlimani walianzisha programu ya kuwaandaa wasichana kabla ya kuingia kozi za sayansi. Nzuri sana. Lakini programu hiyo inamkuta msichana aliyekwisha kufika Dar es Salaam na cheti cha kidato cha sita mkononi. Mwenzangu alifika Dar es Salaam miaka sita kabla ya umri huo, na alipofika alipewa ndoo na dekio.

Mwaka 2009 mwanahistoria wa Kimarekani, Jamie Monson, alitoa kitabu kuhusu TAZARA. Nilikisoma kwa usiku mbili. Sehemu iliyonisimamisha si ya marais. Ni pale anapotumia stakabadhi za vifurushi vilivyosafirishwa kwa treni ya kawaida, karatasi za wachuuzi na wakulima, kuonyesha reli ilivyowafanya watu wa kati ya Kilombero na nyanda za juu waishi kwa kupandisha mchele na kushusha maharage. Karatasi za stesheni! Nilisimama nikatembea chumbani.

Daftari letu halipo. Mama anasema lilitumika kufungia vitumbua, na sioni ubaya, ndiyo historia ya karatasi nyingi Tanzania.

Septemba 2024, huko Beijing, Tanzania, Zambia na China zilitia saini hati ya makubaliano ya kuifufua TAZARA. Kwa ajili ya habari hiyo nilimpigia mwenzangu. Anaishi Mbagala, ana kibanda cha kutengeneza simu, kazi aliyojifunza kwa kumtazama fundi jirani wa nyumba aliyofanyia kazi. Nikamuuliza anakumbuka nini kuhusu treni. Akanitajia namba ya kichwa kilichokwama pale stesheni siku tatu, tukiwa darasa la sita. Mimi nilikuwa nimeisahau. Kisha akauliza hicho kipya watakachokileta kitakuwa na nguvu kiasi gani, na kama kitaweza kupanda kutoka Mlimba bila kusukumwa. Nikamwambia nitauliza. "Uliza kweli, dada," akasema, "usije ukaandika siasa tu."