Chombo cha Nyanya Hakivuji, Vepu Yangu Ilivuja

Wasee, hii ilinitokea nikirudi nyumbani Takaba. Safari ndefu ya basi kutoka Nairobi, jua kali, begi langu liko dirishani. Kufika nafungua: vepu imevuja yote juu ya tende nilizomnunulia mdogo wangu. Nikazitupa zote. Yale maji yana nikotini, yanapenya hata kwenye ngozi, na mtoto akiyameza ni sumu.

Nyanya akaangalia, akauliza tu, "Hicho chombo amekisuka nani?"

Nilicheka, lakini swali likanikaa. Kwa hivyo leo tupige historia kidogo.

Huku kwetu Mandera Magharibi, chombo cha maziwa cha zamani husukwa na wanawake kwa nyuzi za mimea. Ukikitazama ni kama kikapu, na bado maziwa hayatoki. Nyuzi zinabanwa sana, zikilowa zinavimba. Kisha ndani kinafukizwa moshi wa miti maalum, na masizi pamoja na mafuta ya maziwa yanaziba vitundu vilivyobaki. Kifuniko kinabana, chombo kinafungwa wima kwa ngamia, safari inaanza.

Pwani nao walikuwa na kiko cha maji: kifuu cha nazi chenye maji nusu, digali lililobeba bori juu, na shilamu ya kuvutia. Ukijaza maji kupita kiasi, badala ya moshi unavuta maji mdomoni. Kwa hivyo shida ya maji na moshi kukaa chombo kimoja si ya jana.

Sasa vepu. Mwaka 2003 Hon Lik, mfamasia wa China, alibuni sigara ya umeme iliyozaa hizi za leo. Nyingi za mwanzo zilibeba maji kwenye kitu kama sponji. Hazikumwaga sana, ila ziliisha haraka. Watu wakataka tangi kubwa, na tangi likaleta kuvuja. Ndiyo zikaja pete za mpira kwenye viungo, na baadaye zile za kutupa, zilizofungwa kiwandani kabisa.

Kwa nini yangu ilivuja? Joto. Hewa ndani ya tangi inapanuka, inasukuma maji, na maji yenyewe yanakuwa mepesi, yanapita kwenye koili. Dawa yake: iweke wima, kivulini, usijaze mpaka yaingie mrija wa katikati, badilisha mpira uliochakaa. Manze, nyanya angekuambia karibu yote hayo bila kuwahi kuona vepu.

Lakini kuna tofauti. Chombo chake kikivuja, tunakosa maziwa ya chai. Changu kilipovuja, tukatupa chakula cha mtoto.

Na kuna kitu kingine historia imenionyesha. Kila walipoziba tundu moja, vepu ikawa rahisi zaidi kuficha. Haimwagiki, haichafui mfuko, mama hajui. Mimi niliificha hivyo hivyo tangu nikiwa chuo, kabla sijaacha masomo. Zile tende ndizo zilinianika. Zisingelowa, mpaka leo ningekuwa nanyamaza.

Swali la nyanya bado sijalijibu. Wewe ungemwambia nini?