Jaketi la manyoya ya bata: usilitegemee peke yake Kilimanjaro

Kila ikikaribia Juni naona vijana wa hapa Karatu waliomaliza form four wanajipanga kwenda Moshi kutafuta upagazi wa mlima Kilimanjaro. Na swali ni lile lile: hili jaketi nene la mtumba litanitosha? Inategemea lina nini ndani na utalivaa saa ngapi.

Kwanza, jaketi halitoi joto. Joto ni la mwili wako. Yale majaketi mepesi yaliyovimba yana manyoya ya bata au bata bukini, siyo yale magumu ya bawa, ni yale laini ya kifuani, kama malaika ya mtoto. Yakijitanua yanashika hewa, na hiyo hewa iliyotulia ndiyo inazuia joto lisitoke. Mwaka 1922 George Finch alikwenda Everest na koti la namna hiyo alilobuni mwenyewe, lililoshonwa kwa kitambaa cha baluni, wenzake wakamcheka. Siku hizi karibu kila anayepanda kule juu anavaa vazi la manyoya. (Mtanzania mwenzetu Wilfred Moshi alifika kilele hicho 2012, kwa wasiojua.)

Tatizo lake ni maji. Manyoya yakilowa yanagandamana, hewa inatoka, na unabaki umevaa kitambaa chembamba chenye mabonge. Everest juu baridi ni kavu, maji yote ni barafu. Kilimanjaro ni tofauti kabisa: siku ya kwanza unapita msitu wa mvua, ukungu kama ule wa geti la Lodoare asubuhi ya Julai, halafu siku chache baadaye unalala Barafu au Kibo, zaidi ya mita 4,600, ambako usiku maji yanaganda. Jaketi lililolowa msituni usitegemee likauke huko.

Na jasho nalo ni maji, jamani! Mtalii anabeba kibegi cha mgongoni, wewe una mzigo wa mpaka kilo 20. Ukipanda na jaketi la manyoya mwilini utalilowesha mwenyewe, hata kama jua linawaka. Tembea na fulana isiyo ya pamba na sweta, koti la mvua liwe karibu, jaketi libaki ndani ya mfuko usiopitisha maji. Rambo sahau, zilipigwa marufuku nchini tangu Juni 2019. Ukitua mzigo tu, livae hapo hapo kabla mwili haujapoa. Wapagazi wengi hawafiki kileleni mita 5,895, ila kulala kambini kusubiri kundi lililoondoka usiku wa manane ni baridi tosha.

Sasa mnadani. Soma lebo ya ndani. Ukikuta neno Down, au Daunen kama limetoka Ujerumani, ni manyoya. 80/20 maana yake manyoya laini asilimia 80, ya kawaida 20. Ukikuta Polyester kwenye ujazo, ni nyuzi za kiwandani: nzito kidogo, lakini zikilowa bado zinabakiza joto kiasi na zinakauka haraka. Kwa mpagazi wa mara ya kwanza mimi ningechukua hilo la polyester, najua kuna watakaobisha.

La manyoya likunje ngumi kisha liachie. Lisipoinuka limechoka. Lielekeze kwenye jua uone vyumba vilivyo tupu. Kulifua ni sabuni laini kidogo, usilikamue kwa kulisokota, na likikauka juu tu usidanganyike, ndani bado. Siku mbili tatu kivulini penye upepo huku unayavunja mabonge kwa vidole.

Usiye na hela usipande na sweta la shule. Moshi kuna KPAP, mradi wa kusaidia wapagazi ulioanza 2003, wanaazima nguo za mlimani bure. Nenda kaulize kabla hujapata safari, siyo asubuhi ya kuondoka.

Mdau anayemjua fundi wa hapa Karatu anayeweza kubadili zipu za haya majaketi bila kuyamwaga manyoya, aandike hapo chini. Nimeulizwa na watu watatu wiki hii.