Langston Hughes Alipofika Makerere

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, kijana wa Nakuru aliyepata nafasi Makerere alisafiri kwa treni. Reli ilipanda hadi Timboroa, ikateremka Eldoret, kisha ikavuka mpaka kuelekea Kampala. Wanafunzi wanaoishi Kiamunyi, Nakuru, leo wana vyuo vikuu vya Kabarak na Egerton jirani, lakini fasihi wanayoisoma humo ina deni kwa mkutano wa waandishi uliofanyika Makerere mwezi Juni 1962.

Waliohudhuria wengi walikuwa vijana: Chinua Achebe, Wole Soyinka, Christopher Okigbo, Grace Ogot. Kati yao alikaa mzee wa miaka 61 kutoka Harlem, New York. Huyo ndiye Langston Hughes.

Alizaliwa Joplin, Missouri, mwaka 1901, akalelewa Kansas na bibi yake, Mary Langston. Mume wa kwanza wa bibi huyo aliuawa mwaka 1859 katika uvamizi wa Harpers Ferry, akipigana dhidi ya utumwa. Mwaka 1921 jarida la *The Crisis* lilichapisha shairi la Hughes kuhusu mito, Kongo na Nile ikiwemo. Afrika yenyewe alikuwa hajaikanyaga. Aliifikia miaka miwili baadaye, akiwa baharia katika meli ya mizigo iliyokwenda pwani ya magharibi.

Diwani yake ya kwanza, *The Weary Blues*, ilitoka mwaka 1926. Hughes alichukua mapigo ya muziki wa bluzi na lugha ya wapishi, wapagazi na wafua nguo wa Harlem, akaitungia mashairi jinsi ilivyosemwa. Diwani ya pili ilipotoka mwaka uliofuata, magazeti ya Weusi wenyewe yaliishambulia. Moja liliiita takataka. Wasomi waliona anawaaibisha mbele ya Wazungu. Hakurudi nyuma.

Mlango wake wa kuingilia fasihi ya Afrika ulikuwa *Drum*, jarida la Afrika Kusini lililomwomba awe mwamuzi wa shindano la hadithi fupi. Alizisoma, akawaandikia waandishi na kukusanya kazi zao. Matunda yake ni *An African Treasury* ya mwaka 1960 na *Poems from Black Africa* ya 1963. Mshairi mwenye jina kubwa alitumia muda wake kuwatafutia wengine wasomaji.

Hata hivyo, mkutano wa Makerere uliitishwa kwa waandishi walioandika kwa Kiingereza pekee. Mwanafunzi wa Makerere kutoka Limuru, James Ngugi, aliyejulikana baadaye kama Ngũgĩ, alikaribishwa kwa hadithi fupi mbili alizokuwa amechapisha, akapata nafasi ya kumwonyesha Achebe mswada wa *Weep Not, Child*. Shaaban Robert, mwenye rafu nzima ya mashairi na nathari kwa Kiswahili, hakuwa na nafasi. Alifariki mwezi huohuo.

Kwa hiyo Hughes, aliyetukanwa kwa kuipa heshima lugha ya watu wake, aliketi katika ukumbi ambao lugha za wenyeji hazikuhesabiwa. Yeye alifariki mwaka 1967. Ngũgĩ aligeukia Kigĩkũyũ miaka kumi baadaye, akashiriki kutunga tamthilia ya *Ngaahika Ndeenda* na wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ, na mwisho wa mwaka huohuo wa 1977 akatiwa kizuizini. Mwaka 1986, katika *Decolonising the Mind*, aliurejelea mkutano wa Makerere na kumtaja Shaaban Robert kwa jina: mshairi mkubwa kuliko wote waliokuwa hai Afrika Mashariki, ambaye kwa masharti ya siku zile hakustahili mwaliko.